Misuli, makovu na manukato: filamu za mapigano zinamwonyeshaje mwanamume, na shoga anaingilia wapi

SWALI: Naendesha kibanda cha kuonyesha filamu hapa Pasua, Moshi. Jumamosi jioni picha ikiisha huwa tunabaki na vijana tunaichambua. Juzi ulizuka ubishi. Mmoja anayesoma chuo alisema mapicha ya kina Commando na Rambo yamejaa ushoga uliofichwa. Nusura wamtoe nje. Wenzake wakadai ushoga umeingizwa kwenye filamu miaka hii tu, na Eternals na wenzake, na kwamba zamani wanaume walikuwa wanaume. Nani yuko sahihi? Na mtu akitaka kujua, anaangalia nini kwenye picha yenyewe?

JIBU: Kaka, wanaosema mambo haya yameletwa juzi wamekosea kwa miaka themanini na zaidi. Huyo wa chuo yuko karibu zaidi na ukweli, ila ametia kapu moja vitu vitatu ambavyo mchambuzi lazima avitenganishe: kile filamu inachokisema waziwazi, kile inachokidokeza kwa makusudi ili mwenye kuelewa aelewe, na kile mtazamaji anachokiona mwenyewe kwa sababu ya alikokulia. Rambo na Commando haziko fungu moja. Hata ndani ya Commando peke yake kuna mambo ya mafungu mawili.

Nikuambie mapema ninakosimama. Filamu ya mapigano ina tatizo ambalo halijawahi kuisha. Bidhaa yake ni mwili wa mwanamume, pamoja na mapenzi ya mwanamume kwa mwenzake, yale ya kufa na kuzikana, na wateja wake wengi ni wanaume. Hapo hapo inaogopa wateja hao wasije wakajiuliza wanatazama nini. Basi kila inapomvua stelingi shati, au inapowakumbatisha wanaume wawili, inatafuta kisingizio. Na kwa muda mrefu shoga wa kwenye filamu amekuwa kimojawapo cha visingizio hivyo. Anawekwa upande wa adui ili ukumbi useme: aah, ni huyo, hawa wengine ni wanaume tu.

Tuanze na miaka, maana ndiyo inayomaliza ubishi wa "zamani hayakuwepo". Mwaka 1930 Hollywood ilijiandikia kanuni za maadili, na kuanzia 1934 zikasimamiwa kwa ukali. Zilikataza kuonyesha, na hata kudokeza, kile zilichokiita upotofu wa kijinsia. Kipengele hicho kililegezwa 1961, na mwaka 1968 kanuni zote zikaachwa, ukaingia mfumo wa madaraja ya umri tunaoujua leo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 25 mwandishi aliyekuwa na shoga kwenye hadithi yake hakuweza kumtaja. Alitumia alama.

Tazama The Maltese Falcon ya 1941. Joel Cairo, aliyechezwa na Peter Lorre, kwenye riwaya ya asili ni shoga bila kuficha. Kwenye filamu analetwa na kadi yake ya jina. Mpelelezi anainusa, katibu wake anataja jina la ua ambalo kadi inanukia, basi. Hakuna neno lingine linalosemwa, na watu wa ukumbi wa 1941 wameshajua wanamtazama nani. Ongeza glavu, sauti laini na fimbo ya kutembelea anayoichezea karibu na mdomo, mhusika amekamilika bila kuvunja kanuni hata moja.

Ruka miaka 30. Diamonds Are Forever, James Bond ya 1971, ina wauaji wawili, Wint na Kidd. Wanatembea jangwani wameshikana mikono baada ya kuua. Bond anawanasa mwishoni melini, na moja ya vitu vinavyomfumbua macho ni manukato makali ya Wint, ambayo alishawahi kuyanusa. Katazo lilikuwa limekufa miaka mitatu nyuma, lakini alama ilibaki ile ile: harufu. Ukiwaonyesha vijana wako vipande hivyo viwili kimoja baada ya kingine, hutahitaji kuhutubu.

Halafu angalia wanavyokufa. Hiki ni kipimo kizuri kuliko mavazi. Kidd anateketea kwa moto. Wint anabanwa mikono kwa nyuma, bomu linafungwa kwenye mkia wa koti lake na kupitishwa katikati ya miguu, anatupwa baharini huku akitoa sauti iliyowekwa ili watu wacheke. Askari wa kawaida wa adui anapigwa risasi moja na kuanguka. Shoga anauawa kwa mzaha, tena mzaha unaolenga mwili wake. Braveheart ya 1995 inafanya vivyo hivyo: mfalme Edward anamshika kipenzi cha mwanawe na kumrusha dirishani, na tukio zima limepangwa kama kichekesho. Mashirika ya mashoga Marekani yaliipinga wazi ilipotoka. Filamu inapokufanya ucheke mtu anapokufa, simamisha hapo uulize kwa nini kifo hiki hakina uzito.

Sasa Commando ya 1985, maana ndiyo iliyokuletea ugomvi. Ya kwanza: Matrix, yaani Schwarzenegger, hatumwoni mzima mara moja. Kabla ya sura yake kamera inatupa msuli wa mkono, gogo begani, msumeno. Baadaye kabla ya vita kuna mfululizo wa kuvaa: kamba za buti zinakazwa, kisu kinaingia kwenye ala, rangi inapakwa usoni na kwenye kifua, mabomu yananing'inizwa. Ndiyo jinsi filamu nyingi zinavyomwonyesha mwanamke anapojiandaa kutoka: kipande kwa kipande, kamera ikiupapasa mwili. Hapa kisingizio ni silaha.

Ya pili ni Bennett, adui. Amevalishwa fulana ya minyororo, suruali ya ngozi, sharubu nene. Anamzungumzia Matrix kwa hamu isiyo ya adui wa kawaida. Mwishoni ana bunduki na ana mateka. Matrix anamshawishi aitupe, achukue kisu, aje amtazame machoni anapomchoma. Bennett anatetemeka kwa tamaa ya jambo hilo, anatupa bunduki. Anakufa ametobolewa na bomba la mvuke, na Matrix anamsindikiza kwa utani. Mwigizaji ni Vernon Wells, yule yule aliyecheza Wez kwenye Mad Max 2 ya 1981, jambazi wa pikipiki anayebeba kijana mwenye nywele za dhahabu nyuma yake. Kijana huyo anapouawa, Wez anachanganyikiwa kwa uchungu, na mkuu wao anamkaba huku akimbembeleza kwamba kila mmoja wao amempoteza mtu aliyempenda. Hapo filamu ya majambazi imempa adui shoga msiba wa kweli, kitu ambacho Commando haikuthubutu kumpa Bennett.

Kwa hiyo kijana wako yuko sahihi kuhusu Bennett: kimedokezwa, na kimedokezwa kwa makusudi. Kuhusu Matrix amevuka mpaka. Kumpiga picha mwanamume kwa namna ya kumtamanisha hakumfanyi mhusika kuwa shoga. Kunatuambia kitu kuhusu kamera, hakutuambii kitu kuhusu Matrix.

Mhakiki Mwingereza Steve Neale aliliandikia jambo hilo mwaka 1983, na hoja yake bado inafanya kazi ukiishika kwa mikono miwili. Alisema sinema imezoea kumweka mwanamke ili atazamwe tu, amesimama, hafanyi lolote. Mwanamume akiwekwa hivyo ukumbi unaona haya. Dawa yake ni kumpa kazi au kumpa maumivu: apigane, apande mwamba, apigwe mijeledi, ashonwe jeraha. Mwili unaonekana ule ule, lakini sasa una sababu. Jaribu kuhesabu ni mara ngapi stelingi anavuliwa shati bila jeraha, bila mateso, bila mazoezi. Utapata chache mno.

Top Gun ya 1986 ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, kwa ile mechi ya voliboli mchangani. Miili imepakwa mafuta, jua la pembeni, muziki, hakuna hata sentensi moja ya hadithi inayosogea. Lakini tazama saa ya Maverick, rubani ambaye ndiye stelingi. Katikati ya mchezo anaitazama kwa sababu amechelewa kwa mwanamke. Kitendo cha sekunde chache kimewekwa pale kuutuliza ukumbi: msijali, ana mtu anamsubiri. Na aliyebaki na fulana mwilini ni Goose, mwenye mke na mtoto kwenye hadithi. Mimi siamini kwamba hilo limetokea kwa bahati, ingawa hapa nasoma picha tu, siwasemei walioitengeneza.

Pembeni kidogo, kwa sababu una vijana wanaobeba vyuma. Mwili ule haupo asubuhi hadi jioni. Mwigizaji anapiga pushapu dakika chache kabla ya kamera kuwaka ili misuli ijae damu, ananyunyiziwa maji na mafuta, taa inawekwa ubavuni ili kila mfereji wa tumbo utupe kivuli. Hugh Jackman ameeleza hadharani kwamba kabla ya kuvua shati kama Wolverine alikuwa akiacha maji kwa zaidi ya siku moja ili ngozi ikaze. Huyo ni mtu mwenye kiu na kizunguzungu anayeigiza nguvu. Anayetafuta mwili huo kwa mwaka mzima atauharibu wake.

Turudi kwenye mguso, kwa sababu hapa ndipo utajiri wote ulipo. Chukua Predator ya 1987, na kama una nafasi ya filamu moja tu Jumamosi, iwe hii. Mwanzoni makomando Dutch na Dillon wanakutana na kupeana mkono, ila mkono huo unageuka shindano, kamera inasogea kwenye misuli miwili iliyokazana na kukaa hapo kwa muda usio wa kawaida kwa salamu. Kisingizio: wanashindana nguvu. Kwenye helikopta mwenzao Blain anatoa tumbaku ya kutafuna, wenzake wanaikataa, anawatukana wote kwa tusi la kuwaita mashoga na kujisifia kwamba tumbaku hiyo ndiyo inayompa urijali. Vijana wako watacheka. Waache wacheke.

Kisha Blain anauawa. Rafiki yake Mac anakamata bunduki kubwa ya Blain na kufyeka msitu mzima, wengine wanajiunga, miti inaanguka, hawajampiga mtu. Dillon anajaribu kumpa pole, anamwambia Blain alikuwa askari mzuri. Mac anajibu kwamba alikuwa rafiki yake. Usiku anakaa peke yake akizungumza na marehemu kana kwamba yuko ubavuni, anamkumbusha msitu mwingine na mwezi mwingine waliokuwa wawili tu. Ni tukio la mapenzi makubwa kuliko yote kwenye filamu hiyo. Lile tusi la helikopta ndilo lililolilipia. Filamu ilianza kwa kumweka Blain mbali na ushoga kwa sauti kubwa, ikapata ruhusa ya kumlilia baadaye. Ukishauona mpangilio huu, tusi kwanza na machozi baadaye, utaukuta kwenye picha kibao za miaka ile.

Visingizio vya mguso vinavyojirudia ni vichache. Kimoja ni ngumi. Kingine ni jeraha: mmoja akivuja damu, mwenzake anaruhusiwa kumshika uso. Kifo kinaruhusu mengi kuliko vyote, hata busu la paji la uso. Na mzaha, kama kwenye Bad Boys II ya 2003, ambapo Will Smith na Martin Lawrence wanazungumzia jeraha la risasi la matakoni ndani ya duka la vifaa vya elektroniki, kamera inawarusha kwenye runinga zote, wateja wanadhani ni wapenzi. Kichekesho kinasimama juu ya hofu ya kueleweka vibaya, na kwa kuicheka hofu hiyo wawili hao wanapata uhuru wa kuambiana mambo ya moyoni mbele ya watu.

Kuhusu Rambo, vijana wa pande zote mbili wanaikumbuka vibaya. Picha ya kwanza, First Blood ya 1982, haiishii na ushindi. Inaishia na John Rambo ameketi sakafuni analia kama mtoto, anasimulia rafiki aliyelipuliwa na bomu lililofichwa kwenye sanduku la kung'arishia viatu, kisha anamng'ang'ania Kanali Trautman kifuani. Hakuna mwanamke, hakuna mzaha, hakuna adui wa kupigwa. Ile yenye kifua wazi na kitambaa kichwani iliyobandikwa kwenye kuta za vinyozi ni ya pili, ya 1985. Miaka mitatu tu iliwatosha kumgeuza mwanamume aliyevunjika kuwa mashine. Na miaka mitatu baadaye, 1988, Die Hard ikaleta mwanamume wa katikati: polisi McClane pekupeku, vioo vimemwingia nyayoni, anavichomoa bafuni huku akimwachia askari Powell ujumbe wa kumwomba mkewe msamaha. Wanaume hao wawili hawajawahi kuonana. Wanaungamana kwa redio usiku kucha, na wanapoonana uso kwa uso mwishoni wanakumbatiana kabla ya neno lolote. Hapo sioni ushoga uliodokezwa. Naona filamu inayojua kwamba mwanamume husema ukweli kwa urahisi zaidi akiwa haonekani.

Fungu la tatu, lile la mtazamaji na alikokulia, linatuhusu sana sisi wa huku. Stendi ya Moshi au soko la Kilombero Arusha, wanaume wawili wanaweza kutembea wameshikana mikono wakizungumza biashara na hakuna anayegeuka. Kijana wa Los Angeles akiona hivyo kwenye filamu ana tafsiri moja tayari. Ndiyo maana RRR ya India ilipotoka 2022, Ram akipigana akiwa amekaa mabegani kwa Bheem, watazamaji wengi wa nchi za Magharibi waliisoma kama hadithi ya wapenzi, ilhali mtu aliyekulia kwenye picha za Kihindi aliona urafiki ule ule wa Jai na Veeru kwenye Sholay ya 1975: wimbo juu ya pikipiki yenye kikapu cha pembeni, na mmoja kumfia mwenzake mikononi. Filamu za Hong Kong nazo zina desturi yake. John Woo alijifunza kazi akiwa msaidizi wa Chang Cheh, mwongozaji aliyejenga filamu za upanga juu ya udugu wa wanaume wanaovuja damu pamoja, na kwenye The Killer ya 1989 muuaji na polisi wanaelekezeana bastola usoni huku wakitazamana kwa heshima ambayo hawampi mtu mwingine. Mtu anaweza kuisoma kama mapenzi, na hatakuwa amezua. Lakini kusema "imefichwa humo" ni dai zito zaidi. Linahitaji ushahidi wa mtengenezaji: mstari wa mswada, uamuzi wa mavazi, tukio lililokatwa.

Ushahidi wa aina hiyo mara nyingine upo. Spartacus ya 1960 ilikuwa na tukio la bwana Crassus akiogeshwa na mtumwa wake Antoninus, akimuuliza kwa mafumbo ya konokono na chaza anapenda nini. Lilikatwa, likarudishwa 1991, na kwa kuwa Laurence Olivier alikuwa ameshafariki na sauti ilipotea, Anthony Hopkins aliitia upya. Hapo hakuna cha kubishania. Kinyume chake ni Troy ya 2004: Patroclus, ambaye Wagiriki wenyewe wa kale walibishana kama alikuwa mpenzi wa Achilles, amegeuzwa binamu yake ili hasira ya Brad Pitt iwe ya kifamilia. Na filamu ya 300 inachekesha zaidi: Leonidas, mfalme wa Sparta, anawakejeli Waathene kwa kupenda wavulana, wakati mwandishi wa kale Plutarch anasimulia desturi hiyo hiyo huko Sparta kwao. Halafu wanaume wake wanapigana vifua wazi, ingawa Wasparta halisi walivaa deraya, na adui yao Xerxes amepambwa vipuli na wanja na anamwekea Leonidas mikono mabegani kwa nyuma. Kisingizio cha miili mia tatu ni huyo mmoja.

Una pia mfano wa nyumbani, na ningeshangaa usiutumie. Hatari! ya Howard Hawks ilitoka 1962 na ilipigwa hapa hapa, maeneo ya Arusha, na kwenye hadithi wahusika wana makao Momella. John Wayne ni kiongozi wa wakamata wanyama. Anakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, ameshika mti wenye kitanzi, faru anakimbia ubavuni. Wawili wa kundi lake, Kurt na Chips, wanaanza kwa kupigana, wanamgombea msichana mmoja, Brandy, na kadiri wanavyomgombea ndivyo wanavyozidi kuwa marafiki. Brandy anaishia kwa Pockets, wa mwisho kwa ubabe kati yao wote. Wahakiki wana jina la pembetatu kwa mpango huu: wanaume wawili wanamtumia mwanamke mmoja kama njia ya kukaribiana. Hawks alikuwa akijua anachofanya. Filamu yake ya bubu ya 1928, A Girl in Every Port, mwenyewe aliieleza kuwa ni hadithi ya mapenzi kati ya wanaume wawili, akimaanisha urafiki. Waulize pia vijana uanaume wa nani unaonyeshwa kwenye Hatari! Wanaume Waafrika wapo kila mahali, wanashika kamba, wanapika, wanafungua vizimba vya wanyama, na hakuna hata mmoja aliyepewa tamaa, wivu au rafiki wa kumlilia. Waarusha wanampa Dallas, mpiga picha wa kike aliyejiunga na kundi, jina la Mama Tembo, na kazi yao kwenye hadithi imeisha.

Kuhusu filamu mpya, tumia jaribio la mkasi. Mwaka 2013 shirika la GLAAD la Marekani lilitoa kipimo chenye masharti matatu: mhusika awe anatambulika kuwa shoga, msagaji, au mwingine wa kundi hilo, asiwe na sifa hiyo peke yake, na awe amefungamana na hadithi kiasi kwamba ukimtoa, hadithi inaharibika. Sharti la tatu ndilo lenye meno. Star Trek Beyond ya 2016 ina Sulu akimkumbatia mumewe na binti yao kwa sekunde chache; busu lilipigwa picha likakatwa, kama John Cho, anayemcheza Sulu, mwenyewe alivyosema. The Rise of Skywalker ya 2019 ina wanawake wawili wakibusiana kwenye umati, na Singapore walikitoa kipande hicho bila hadithi kukwaruzika. Vitu hivi vimeundwa viweze kukatwa. Kampuni inapata sifa soko moja na utulivu soko jingine. Ukisikia mtu anasema hiyo ni ajenda kubwa, mwonyeshe jinsi ilivyo rahisi kuiondoa.

Eternals ya 2021 imefungamana kidogo zaidi, kwa sababu Phastos, mmoja wa mashujaa wake, hataki kurudi vitani hadi mumewe amhimize. Saudia, Kuwait na Qatar haikuonyeshwa kabisa. Atomic Blonde ya 2017 inafaulu mkasi lakini Delphine, mpenzi wa stelingi ambaye naye ni mwanamke, ananyongwa, ile desturi ya kale ya kumzika mhusika wa aina hii kabla picha haijaisha. The Old Guard ya 2020 ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Joe na Nicky walikutana vitani wakiuana, pande mbili za vita vya msalaba, na kwa kuwa hawafi wamekuwa pamoja tangu hapo. Wamefungwa ndani ya gari, askari anamdhihaki Joe kuhusu mpenzi wake. Ni dhihaka ile ile ya helikopta ya Predator. Tofauti ni kwamba safari hii aliyedhihakiwa anajibu, kwa hotuba ndefu, halafu wanawapiga askari wote. Hakuna manukato, hakuna kifo cha mzaha. Upende usipende, kiufundi ni badiliko kubwa.

Sasa Jumamosi yako. Usionyeshe filamu nzima ndipo mjadili, watu watakuwa wamechoka. Chagua vipande vitatu vya dakika tatu hadi tano. Kila kipande kionyeshwe mara mbili, mara ya kwanza bila sauti. Bila muziki na matusi, watu wanaona kamera inakaa wapi. Mpe mmoja simu apime kwa saa: picha ya mwili inakaa sekunde ngapi, picha ya uso ngapi. Mara ya pili waache na sauti, waandike jambo moja tu: kisingizio cha mguso ni nini. Kisha ndipo muulizane kama kitu kimesemwa, kimedokezwa, au kimeletwa na mtazamaji.

Mjadala huharibika kwa njia zinazojulikana. Kubwa ni watu kuacha skrini na kuanza kumtaja fulani wa mtaani anayetembea hivi au kuvaa vile. Weka sharti mlangoni: tunazungumzia watu wa kwenye picha tu, na atakayemtaja jirani anatoka. Usilione dogo. Kwa sheria zetu kitendo chenyewe ni kosa la jinai lenye adhabu nzito, na mtu akibandikwa jina kibandani linamfuata hadi kazini. Jingine ni nakala zilizotafsiriwa. Mfasiri akisema "rafiki yake" pale walipo mume na mume, au akiruka tukio zima, ukumbi wako utajadili filamu ya mfasiri. Kwa kazi hii tafuta nakala yenye sauti ya asili, na kama Kiingereza kinawashinda, simama pembeni uwaelezee mwenyewe. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa pia iwe imepitiwa na kupewa daraja na Bodi ya Filamu, na Predator na Commando si za watoto, kwa hiyo wale wadogo wanaochungulia chini ya turubai watoke kabla hujawasha.

Ukipata upinzani mkali, anza na Hatari! Watu wakitambua barabara na mlima hupunguza ukali, na ugomvi wa Kurt na Chips hauna tusi wala fulana ya minyororo. Predator iwe wiki inayofuata, Commando ya mwisho. The Maltese Falcon na Diamonds Are Forever unahitaji vipande vya dakika moja moja tu, ile kadi na ule mwisho wa melini. Vihakikishe vipo kwenye nakala yako kabla watu hawajakaa, maana diski za mtaani mara nyingi zinakatika kabla ya mwisho.